Kazi Haijaisha Mpaka Faili Liingie Kwenye Orodha

Herufi mbili tu, s na w, zilikwamisha kazi ya chama chetu kwa miezi 14. Wanachama waliokuwepo wanaikumbuka kazi yenyewe. Jumamosi baada ya Jumamosi tulikutana katika chumba kimoja hapa Braamfontein, kila mtu na kompyuta yake, tukitafsiri matini za programu huria ya kujifunzia msamiati. Tulibishana karibu saa nzima kama kitufe kimoja kiandikwe "tendua" au "rudisha". Hatimaye tukamaliza, tukalituma faili, na wasimamizi wa mradi wakalipokea kwa shukrani. Toleo jipya likatoka. Tukalipakua, tukalifungua kwa shangwe, likatusalimu kwa Kiingereza.

Tulidhani tumekataliwa kimyakimya. Wapo waliosema ndivyo Kiswahili kinavyofanyiwa siku zote, kinapokelewa mlangoni na kuachwa sebuleni, nami nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo kwa sauti kubwa. Wafasiri watatu, tena wale hodari, hawakurudi mikutanoni. Miezi 14 baadaye mwanachama wa mwaka wa pili anayesomea uhandisi aliomba aangalie mwenyewe. Alipakua mafaili yote ya chanzo, akafungua folda iitwayo po, akalikuta faili letu sw.po limetulia humo, halijaguswa hata nukta. Kando yake palikuwa na faili dogo sana liitwalo LINGUAS. Ndani yake mna majina ya lugha tu, moja kila mstari. af ilikuwepo. zu ilikuwepo. sw haikuwepo. Akaiongeza, akaijenga programu upya, na programu ikasema "Karibu".

Hakuna aliyetuonea. Msimamizi wa mradi aliliweka faili kwenye folda akasahau kuliandika kwenye orodha, nasi hatukujua kwamba kuna orodha.

Naomba niseme wazi ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Sisi watu wa lugha tumezoea kudhani kazi yetu inaanzia na kuishia kwenye neno. Tukipata istilahi nzuri, yenye uundaji safi, isiyomkera mwalimu wala kumchekesha mtu wa mtaani, tunaona tumeshinda. Katika programu ya kompyuta, neno zuri lililo kwenye folda isiyo yake, au ndani ya faili lisilotajwa mahali panapostahili, ni sawa na neno ambalo halikuwahi kubuniwa. Kwa hiyo kujua jinsi mafaili yanavyopangwa na jinsi kompyuta inavyoyakusanya ni sehemu ya taaluma ya Kiswahili. Si jambo la kuwaachia vijana wa uhandisi. Chama chetu hutangaza kila mwaka, kwenye bango la kuwakaribisha wageni, kwamba kinakipeleka Kiswahili kwenye teknolojia. Basi kiwafundishe wanachama mti wa mafaili kabla ya kuwapa ukurasa wa kwanza wa kutafsiri.

Kwa wasiowahi kuona programu ikijengwa, nieleze kidogo. Mwandishi wa programu haandiki waraka mmoja mrefu. Anaandika mafaili mengi, makumi au maelfu, yaliyopangwa ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine, kama mti wenye matawi. (Wapo wanaopendelea "saraka", wapo wanaosema "kabrasha", mimi natumia "folda" kwa sababu ndilo neno ninalolisikia chumbani mwetu. Na Wakenya wanisamehe kwa kusema "faili hili".) Hayo ndiyo mafaili ya chanzo, yanayosomwa na binadamu. Ili yawe programu, chombo maalumu huyapitia, hukagua lipi limebadilika, huamuru ligeuzwe kuwa lugha ya mashine, kisha yote yakaunganishwa. Chombo kikongwe cha kazi hii ni make, kilichoandikwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell kule Marekani mwaka 1976. Baadaye vikaja vingine kama CMake na Meson. Vyote vina tabia moja, nayo ni kwamba havikisii. Havijui kwamba faili fulani limetutoa jasho Jumamosi nane. Vinafuata maagizo yaliyoandikwa, na sehemu kubwa ya maagizo hayo ni orodha.

Tafsiri nayo hupita njia hiyohiyo. Katika miradi mingi ya programu huria hutumika mfumo uitwao gettext. Mwanzoni kuna faili POTFILES.in, ambalo ni orodha ya mafaili ya chanzo yenye maneno ya kutafsiriwa. Kutokana na orodha hiyo matini zote hukusanywa mahali pamoja, mfasiri akapewa nakala aijaze, na nakala yake ya Kiswahili ikaitwa sw.po. Kisha chombo kiitwacho msgfmt huligeuza sw.po kuwa faili la mashine lenye mwisho wa .mo, ambalo huwekwa ndani ya share/locale/sw/LC_MESSAGES. Hapo ndipo programu hulitafuta mtu anapoifungua. Ukihesabu, kati ya mfasiri na msomaji wake kuna orodha tatu: ile ya mafaili yenye maneno, ile ya lugha, na ile ya folda ambazo ujenzi unatakiwa kuziingia. Jina likikosekana kwenye mojawapo, hakuna kengele inayolia. Ujenzi unakamilika salama salimini.

Orodha ya kwanza ndiyo yenye fitina zaidi. Mwandishi wa programu akiongeza dirisha jipya katika faili jipya, akasahau kulitaja faili hilo kwenye POTFILES.in, maneno ya dirisha lile hayatamfikia mfasiri kamwe. Takwimu za mradi zitaonyesha kwamba Kiswahili kimetafsiriwa kwa asilimia 100, na wakati huohuo mtumiaji ataona dirisha zima la Kiingereza na kusema wafasiri wa Kiswahili ni wavivu. Lawama hizo nimezisikia zikitolewa na mtu aliyeketi kiti cha pili kutoka kwangu, nami sikuwa na jibu.

Kuna pia alama ya shaka. Neno la Kiingereza likibadilishwa kidogo, gettext huiwekea tafsiri ya zamani alama kwamba haiaminiki tena, na msgfmt kwa kawaida huziruka tafsiri zenye alama hiyo. Zimo kwenye faili, unaziona kwa macho yako, lakini haziingii kwenye programu. Anayefungua sw.po na kuhesabu mistari iliyojazwa atajidanganya.

Wapo waliotutangulia katika haya, na si mbali. Jirani zetu wa Pretoria, Translate.org.za, kikundi kilichoanzishwa na Dwayne Bailey mwaka 2001, waliitafsiri OpenOffice kwa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi nchini wakati ule. Matini za OpenOffice zilitolewa katika faili moja kubwa mno, lenye umbo ambalo mfasiri wa kawaida asingeweza kulifanyia kazi. Hawakuanza kwa kuwaajiri wataalamu wa istilahi wakawapa lile dubwana. Waliunda zana, na mojawapo, oo2po, kazi yake ni kulipasua faili lile kuwa mti wa mafaili madogo yaliyopangwa kwa folda kulingana na sehemu za programu, ili watu wagawane kazi. Tafsiri zikiisha, zana nyingine hurudisha kila kitu katika umbo la awali. Nikisoma habari zao naona watu waliotambua mapema kwamba mpangilio wa mafaili ndio unaoamua ni wangapi wataweza kushiriki. Kule Dar es Salaam nako, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Wakati huo wengi wetu tulikuwa hatujajua kusoma.

Hapo kwenye OpenOffice pana kichekesho ambacho kila mwanachama anapaswa kukijua. Ukifungua mafaili yake ya chanzo, au ya LibreOffice iliyozaliwa kutokana nayo, utakuta folda kubwa kabisa iitwayo sw. Usishangilie. Si Kiswahili. Ni StarWriter, jina la zamani la sehemu ya kuandikia nyaraka, kama vile sc ilivyo StarCalc ya mahesabu. Tafsiri ya Kiswahili kwenye LibreOffice iko katika folda iitwayo sw-TZ, na ndani ya sw-TZ mna folda nyingine iitwayo sw, yaani maneno ya Kiswahili ya sehemu ya kuandikia. Mtu asiyejua mti huo anaweza kukaa jioni nzima akitafuta, akatoka na sw isiyo yake. Na hata ukiipata iliyo sahihi, anayejenga LibreOffice asipoitaja lugha kwenye maagizo yake ya mwanzo, atapata Kiingereza cha Marekani peke yake. Orodha tena.

Jina hilo la sw-TZ linanileta kwenye jambo ambalo najua litazua mjadala. Faili la tafsiri liitwe sw, au liitwe kwa nchi? Kwa gettext si suala la adabu, lina matokeo. Kompyuta iliyowekwa Kiswahili cha Kenya hutafuta kwanza sw_KE, isipoipata hutafuta sw. Haiendi sw_TZ hata siku moja. Kwa hiyo ukiliita faili lako sw_TZ.po umemfungia mlango Mkenya, Mkongo na Mganda, hata kama kila neno ndani yake wanalielewa. Ukiliita sw.po, wote wanaingia.

Chama chetu kimejaa mifano ya jambo hili. Tuna Watanzania, Wakenya, watu wa Lubumbashi na Bukavu ambao wana jamaa zao Yeoville, na tuna wenzetu wa hapahapa Soweto na Tembisa waliokianza Kiswahili chuoni. Msimamo wangu ni kwamba faili la msingi liwe sw, lisilo na nchi, na kila nchi iwe na faili lake dogo lenye tofauti tu. Ndivyo CLDR, hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode, ilivyopangwa: kuna sw.xml, halafu sw_KE.xml, sw_UG.xml na sw_CD.xml, na kisichotajwa katika faili la nchi hurithiwa kutoka kwenye sw. Kiswahili cha Kongo kiliwahi kuwekwa humo peke yake kwa msimbo swc, na mwezi wa kwanza ukaandikwa "mwezi ya kwanja". Baadhi ya walimu wetu wataguna. Mimi sigoni nao, lakini nawaomba wagune mahali panapofaa. Tofauti ile, ikihifadhiwa katika faili la nchi, haimdhuru mtu wa Unguja wala haimnyimi Mkongo lugha ya nyumbani kwake. Mpangilio mzuri wa folda unaweza kumaliza ugomvi ambao makongamano hayajaumaliza.

Sasa nimjibu yule mwanachama wa uhandisi aliyeiokoa tafsiri yetu, maana yeye na mimi hatukubaliani. Anasema orodha ndizo zilizotuangusha, basi zifutwe. Ujenzi uambiwe uchukue kila faili lenye mwisho wa .po lililomo kwenye folda, bila kutajwa jina. Ingekuwa hivyo, anasema, tusingepoteza miezi 14 wala wafasiri watatu. Hoja yake ina uzito, na kwa tukio letu yuko sahihi kabisa.

Lakini tuangalie folda yetu wenyewe, ile ya pamoja ambayo kila mwanachama ana ruhusa nayo. Nilipoifungua wiki iliyopita nilikuta sw.po, sw-mpya.po, sw-mpya2.po, sw_mwisho.po na sw_mwisho_kabisa.po. Agizo la "chukua chochote unachokikuta" lingeyabeba yote matano, pamoja na lile lililojaa mizaha ya siku ya mwisho kabla ya likizo. Na kuna sababu ya kiufundi pia. Maelezo ya CMake yenyewe yanashauri kutokusanya mafaili ya chanzo kwa njia hiyo, kwa sababu faili likiongezwa kwenye folda bila maagizo kubadilika, mfumo hauna namna ya kujua kwamba unapaswa kujipanga upya. Unaongeza faili, unajenga, halimo, na unarudi kulekule tulikotoka. Orodha ina faida nyingine ambayo naithamini zaidi: anayeandika jina humo ameamua. Historia ya mradi itaonyesha nani aliliingiza na lini. Faili lililojiingiza lenyewe halina mwenyewe.

Ninachokubaliana naye ni kwamba orodha bila mkaguzi ni mtego. Dawa ni kaprogramu kafupi kanakolinganisha folda na orodha kila mara ujenzi unapofanyika, na kusimamisha kila kitu kikikuta faili lisilotajwa au jina lisilo na faili. Ujenzi ukigoma, mtu atauliza kwa nini. Ujenzi uliokamilika hauulizwi.

Kuna mambo mawili mengine nitayapitia haraka, kwa sababu yametuumiza lakini tiba zake ni rahisi. La kwanza ni kuchanganya kilichoandikwa na mtu na kilichotengenezwa na mashine. Mwaka jana mwanachama alisahihisha kitabu chetu cha istilahi moja kwa moja kwenye PDF, usiku kucha, kwa uangalifu mkubwa. Wiki mbili baadaye PDF ilitengenezwa upya kutoka kwenye mafaili ya chanzo, na masahihisho yote yakapotea, kwa kuwa chanzo hakikuguswa. Chochote ambacho mashine inaweza kukitengeneza tena kikae kwenye folda yake ya mbali, ambayo mtu anaweza kuifuta bila kutetemeka.

La pili ni saa. make huamua kama faili linahitaji kujengwa upya kwa kulinganisha muda wa mwisho wa kubadilishwa. Enzi za mgao wa umeme tulikuwa tukipitishiana mafaili kwa flashi, tukiyafunga kwenye zipu na kuyafungua kwenye kompyuta ambayo betri yake bado ilikuwa na uhai. Zipu huhifadhi muda wa zamani. sw.po iliyosahihishwa jana ilifika ikiwa na saa ya jana, ikakutana na .mo iliyojengwa leo asubuhi kutokana na tafsiri ya zamani, na make ikaona hakuna la kufanya. Tulijenga mara tatu tukiona makosa yaleyale, na mtu mmoja akaanza kumshuku mwenzake kwamba hakusahihisha. Siku hizi umeme umetulia kiasi, lakini tabia ya flashi imebaki. Mafaili yahifadhiwe kwenye hazina moja yenye kumbukumbu ya mabadiliko, na ukiwa na shaka, futa vilivyotengenezwa ujenge upya kuanzia mwanzo.

Walimu wetu nao nina ombi kwao. Tunapenda kuyataja matangazo makubwa: mwaka 2018 Waziri Angie Motshekga alitangaza kwamba Kiswahili kingekuwa somo la hiari katika shule za Afrika Kusini kuanzia 2020; mwaka 2019 SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne; mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Nimeandika insha kuhusu yote matatu na nimepata alama nzuri. Sijawahi kupata alama kwa kuhakikisha kwamba programu fulani inafunguka kwa Kiswahili kwenye kompyuta ya maabara yetu wenyewe. Mwanafunzi akileta tafsiri, asahihishwe kwa lugha, ndiyo, lakini aulizwe pia faili linakaa folda gani, limetajwa wapi, na aifungue programu mbele ya darasa. Kwa kompyuta zetu ambazo zimewekwa Kiingereza cha Afrika Kusini hakuna haja ya kubadilisha kila kitu. Kwenye Linux inatosha kuweka LANGUAGE=sw kabla ya kuifungua programu inayotumia gettext. Tarehe na sarafu zitabaki za hapa, maneno yatakuwa ya Kiswahili. Ikiwa faili limefika, litaonekana.

Kwenye mkutano ujao wa kamati nitaleta pendekezo la kuifunga ile folda ya pamoja na kufungua hazina mpya yenye folda za makala, istilahi na tafsiri, kila moja na orodha yake, na mtu wa kuitunza atakayechaguliwa kwa kura kama anavyochaguliwa mweka hazina. Yule mwenzangu wa uhandisi ameahidi kuandika hako kaprogramu ka ukaguzi, ingawa bado ananipinga. Wale wafasiri watatu nimewaandikia. Mmoja amejibu, anauliza kama ile "tendua" yake ilipita. Ilipita, imo kwenye programu tangu siku ile LINGUAS iliposahihishwa, na nimemtumia picha ya kitufe.